Vibanio Mgongoni

Kazi niliyoiendea ilikuwa ya kufagia.
Ghorofa ya tatu, Digbeth, Birmingham,
kiwanda kilichokufa cha vifungo.
Vifungo vilikuwa bado ndani ya nyufa za sakafu,
vingine vya gamba la chaza. Nikavitia mfukoni.
Merlene Gaskin hakuniuliza jina. Aliniuliza
kama mkono wangu unaweza kukaa juu robo saa bila kutetemeka.
Nikauinua. Akatazama saa.
Miaka ishirini na sita, sijaambiwa niushushe.

Kwa lugha yangu picha hupigwa.
Nilimweleza siku moja, tukingoja taa zipoe:
hupigwa kama pasi, kama hodi, kama mswaki,
kama mbiu, kama mtu.
Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akanyamaza.
"Ndiyo maana wanakunja uso," akasema,
na tangu siku hiyo hakumwinulia mtu kamera
kabla mtu huyo hajamaliza chai yake.

Watu waliona mbele. Mimi nilikaa nyuma.
Nyuma ya gauni la hariri: vibanio tisa vya kuanikia nguo.
Chini ya viatu: utepe,
ili kesho duka livipokee kama vipya.
Makoti ya manyoya tuliyapiga Julai.
Nguo za kuogelea tulizipiga Februari, juu ya paa,
yule binti wa Wolverhampton midomo zambarau, na si rangi,
mimi nikimkumbatisha chupa ya maji ya moto
hadi lile neno "sasa",
niinyakue, nirudi ukutani,
naye atabasamu kama mtu aliyeko Juni.

Wanamuziki ni shida nyingine.
Wakikosa ala hawajui mikono ikae wapi.
Desmond Oakley, mpuliza tromboni, alikuja bila tromboni;
ilikuwa rehani, Stratford Road.
Nikampa ufagio wangu.
Kwenye jalada umekatwa, hauonekani,
ila vidole vinashika kitu kwa heshima,
na mwandishi mmoja wa jarida aliandika aya nzima
juu ya vidole vile.

Jalada lile lilikuwa pana kama sinia.
Ungeliweka ukutani, ukaliamkia asubuhi.
Kisha uso uleule ukaingia kwenye kaseti, kama kibiriti.
Kisha kwenye kasha la plastiki linalopasuka kona.
Sasa ni ukucha wa kidole cha mwisho
ndani ya simu ya mjukuu wake,
naye Merlene anasugua kioo: "Yuko wapi? Mbona simwoni?"
Si simu tu. Macho yake yanakufa katikati.
Kingo zitabaki, alisema daktari.

Jengo limeuzwa. Novemba hii tunapanga masanduku.
Namwekea chapa dirishani, moja moja,
zile nzima, za kabla ya makasi.
Magwiji na warembo anawapita kama ukungu.
Anageuza kichwa upande, kuku akikagua punje.
"Huyu nani?"
"Mimi. Mkono wangu."
Inayofuata: kiwiko. Inayofuata: sweta ya kijani
kabla haijatoboka, na ubao mweupe umeinama kidogo.
"Hapa ulitetemeka."
"Wiki ile nilimzika mama. Kwa simu."
"Na ukaja kazini?"
"Ulikuwa na ile bendi ya Coventry."

Mvua ikapiga bati. Hakusema pole;
alizipanga upya picha zote, akitafuta pembeni,
kiwiko, kiganja, kiwiko,
mpaka meza ikajaa mimi.

Kisha akavuta kile kigoda cha wateja.
"Kaa, Mwanahawa."
Akamimina chai, nyingine ikaenda mezani.
Nikainywa polepole, polepole kabisa.
Ufagio ulikuwa mlangoni. Nikautazama.
Nilijua mikono itahitaji kitu cha kushika.